Bado Mmoja

Saa kumi na moja na robo walilizima tanuri,
nikatoka na unga kichwani, kwenye kope, ndani ya masikio,
na mikate mitatu iliyobonyea, ile ambayo haihesabiwi.
Mlinzi mpya wa getini akanipa shikamoo.
Nina miaka ishirini na minane.
Nikaitikia marahaba, nikapita. Kumsahihisha nako ni kazi,
na kazi nilikuwa nimemaliza.

Stendi ya Moshi, gari la Uru lipo, linanguruma.
"Bado mmoja, mama, bado mmoja tunaondoka!"
Nikachungulia: kweli, vichwa vimejaa.
Mama na ndoo yake. Kijana wa kofia nyekundu.
Mzee mmoja amelala mdomo wazi,
usingizi wa mtu aliyekwisha kulipa nauli.
Nikaketi dirishani, nikafumba macho
nikiwaza vifungo vya sweta la Ndelilio:
nikiwahi, navifunga mimi.

Nilipofumbua, stendi ilikuwa palepale
na muuza kahawa yuleyule, akigonga vikombe vilevile.
Akapanda fundi na randa yake; kijana wa kofia akashuka.
Akapanda dada wa saluni; mama wa ndoo akajiinua,
na ndoo ilikuwa tupu, niliisikia ikigonga mlango.
Wakaja wawili wa msibani, khanga viunoni, macho mekundu;
mzee akazinduka, mzima, bila hata mwayo,
akaenda kudai mia tano yake kwa mpiga debe.

Tulikuwa tumejaa, na bado tulikuwa tunajaa.
Mimi hili nalijua. Nalikanda kila usiku:
hamira. Kijiko kimoja cha ujanja
na beseni zima linaumuka,
ukilibonyeza kwa kidole unakuta hewa.
Ila mkate, angalau, una saa yake ya kuiva.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Mvua nayo ikaondoka na sisi.
Rau Madukani dereva akapokea simu,
akasema ndiyo, akasema wangapi, akasema wamesimama upande gani,
akakata simu, akakata na ruti.
"Jamani, tunafaulisha. Gari lile pale. Nauli zenu nampa mwenzangu."
Mwenzake hakupewa kitu, wala hakuwa na habari.
Fundi alitukana kwa Kichaga, polepole,
kama mtu anayepigilia misumari asiyotaka ipinde.
Wale wa msibani wakalipa mara ya pili, kimya;
siku ya kuzika hugombani na mtu kwa mia saba.

Gari la pili lilikuwa tupu.
Konda wake akanitazama, akanipangusia kiti kwa kiwiko:
"Bibi, wewe kaa hapa dirishani, wakuone."
Akageukia barabara: "Bado mmoja!"

Nikashuka.
Sikusema neno. Nilisema moja, ila silirudii hapa.

Nikapanda kwa miguu, njia ya mkato, migombani,
udongo ukinivua kiatu kila hatua ya tatu
na mvua ikiukanda unga kichwani
mpaka ukaanza kunitiririka, uji mweupe, hadi shingoni.
Mifereji ilikuwa ikiongea kwa sauti kubwa. Mlima sikuuona.

Penye mteremko wa shule nikamwona anashuka,
jani la mgomba kichwani,
sweta limefungwa pogo.
"Shikamoo mama. Umezeeka tena."
Shikamoo hiyo ilikuwa yangu.
Nikachutama kwenye matope, nikavifungua vyote,
nikavifunga upya kuanzia chini, vidole vikinuka hamira,
macho yakijifumba yenyewe kila kifungo,
na nilipofika juu kikabaki kimoja, tundu hakuna.
Nimekosea na mimi.
"Bado mmoja," akasema, akacheka,
akachukua mkate, akakimbia;
kengele ilikuwa inagongwa.